Gari Halibebi Mashine, Linabeba Majani

*BARUA YA WIKI*

Shikamoo Mzee,

Mimi ni kijana wa miaka 31, naishi Boko, Dar es Salaam, nina mke na mtoto mmoja. Kazi yangu ni kukata ukoka na kusafisha bustani za watu. Nilianza mwaka 2020 nikiwa na slasha tu, mwaka uliofuata nikanunua mashine ya kufyekea, hizi za kuvaa begani. Mpaka leo usafiri wangu ni bodaboda. Nakaa nyuma, mashine nimeikumbatia kama mgonjwa, na kidumu cha petroli kinaning'inia kwenye usukani wa dereva. Mwezi uliopita tulipofika Makonde dereva alikwepa shimo, mashine ikanichomoka mikononi ikaanguka barabarani. Ule mrija mrefu ulipinda, nikakaa siku nne bila kazi.

Nina nyumba 14: sita Mbezi Beach, nne Tegeta na huku Boko, tatu Mikocheni, na moja Kigamboni. Wengi wananiita mara moja kwa mwezi, wengine wanasubiri mpaka majani yafike magotini. Nalipwa kati ya 40,000 na 70,000 kwa nyumba. Tatizo ni majani yakishakatwa. Nyumba kubwa inatoa mpaka viroba kumi, navipanga nje ya geti nikisubiri gari la taka, na gari la taka linaweza kukaa wiki mbili bila kupita. Kuna mama mmoja Mbezi Beach ameniambia wazi kwamba nisipotafuta pa kuyapeleka, atatafuta mtu mwingine.

Sasa imetokea nafasi. Shule moja ya msingi ya binafsi hapa Tegeta inataka niwe nawakatia uwanja na bustani, jumla kama ekari mbili, mara mbili kwa mwezi, kwa 700,000 kwa mwezi. Wanalipa siku 45 baada ya kupokea ankara. Mhasibu wao amesema wanataka mtu "mwenye gari na vifaa vyake".

Nina akiba ya milioni 6.2. Mke wangu anaweza kuchukua milioni 3 kwenye kikoba chao, zirudi ndani ya miezi sita pamoja na riba. Shemeji yangu, kaka yake mke wangu, ana Canter ya tani mbili, ya zamani kidogo, anasema ananipa kwa bei ya kifamilia milioni 8.5, nitangulize 6 halafu nyingine nimalizie taratibu. Pia nimeona Kirikuu, vile vipikapu vidogo vya Kijapani, yadi moja ya Mwenge kwa milioni 9.5. Usiku huwa naangalia video za Wamarekani wanaofanya kazi hii: pikapu, tela nyuma, mashine za kukalia, kila kitu kimepangwa kama duka. Natamani nifike pale.

Naomba ushauri. Ninunue gari lipi, nianze na vifaa gani, na nivipangeje? Na mke wangu anataka tuandike jina la biashara ubavuni mwa gari. Ni muhimu?

Mkata Ukoka, Boko

*JIBU*

Marahaba, kijana wangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa na kalamu mkononi. Nilichopigia mstari si Canter wala Kirikuu. Ni pale uliposema nyumba moja inatoa viroba kumi.

Unatafuta gari la kubebea mashine. Lakini mashine yako ya begani ina uzito wa ndoo ndogo ya maji. Ukiongeza ya pili, ukaongeza mashine ya kusukuma, reki, mafagio, toroli na mafuta, bado hujafika kilo 150. Mzigo huo hata Toyo ya matairi matatu inaubeba ikiimba. Kinachokulazimisha kuwa na gari ni majani, na majani yana tabia mbaya: yanajaza nafasi kama pamba, yakiloa yanakuwa mazito kama udongo. Chukua kiroba cha mahindi cha kilo mia, kishindilie majani mabichi ya msimu wa mvua, kipeleke kwenye mizani ya muuza mkaa. Utakuta kilo 25 mpaka 30. Viroba kumi ni karibu kilo 280, na ukifanya nyumba tatu kubwa kwa siku una zaidi ya kilo 800 za kitu ambacho hakuna anayekulipa kukibeba.

Hapo ndipo video zako zinapokudanganya, ingawa wenyewe hawakukusudia. Wale Wamarekani mara nyingi hawabebi majani kabisa. Wanakata kila wiki, majani yanatoka vipande vidogo, wanayaacha palepale juu ya ukoka yanaoza na kurudi kuwa mbolea. Tela lao limebeba mashine kwa sababu mashine moja ya kukalia inapita kilo 400, na haina namna nyingine ya kufika kwa mteja. Nyua zao hazina kuta, barabara zao ni pana. Wewe jaribu kurudisha nyuma pikapu yenye tela kwenye kichochoro cha Mbezi Beach chenye mitaro pande zote mbili, halafu mlinzi afungue geti nusu. Tela lisahau. Kitu cha kuiga kwao ni ratiba.

Ukoka unapenda kukatwa mara nyingi na kidogo kidogo. Wakata nyasi duniani kote wana kanuni moja: usiondoe zaidi ya theluthi ya urefu kwa mkato mmoja. Ukitaka ukoka ubaki sentimita nne, ukate ukifika sita. Ukikata hivyo, vipande ni vifupi, vinazama katikati ya ukoka, na baada ya siku tatu huvioni. Ukisubiri ufike magotini, unakata mashina badala ya majani, unaacha kiwanja cha njano chenye vipara, na unazalisha vile viroba kumi. Kwa hiyo hao wateja wanaokuita mara moja kwa mwezi ndio wanaokulazimisha kununua Canter, na wewe unadhani ni kukua kwa biashara.

Nenda kwa wateja wako sita wa Mbezi Beach, mmoja mmoja, na pendekezo hili. Aliyekuwa analipa 60,000 kwa mara moja, alipe 90,000 kwa mwezi, na wewe uende kila baada ya siku kumi wakati wa mvua, kila baada ya wiki mbili kiangazi. Yeye anapata uwanja nadhifu mwezi mzima, badala ya msitu wiki tatu na kipara wiki moja. Wewe unapata pesa zaidi kwa kazi nyepesi, maana ukoka mfupi unaukata kwa theluthi ya muda. Wako watakaokataa, na hao waache na magoti yao. Yule mama wa viroba uanze naye.

Mtindo huo hautaenda na mashine ya begani peke yake. Ile ni mashine ya kufyeka: pembezoni, kwenye mitaro, chini ya ua, kwenye vichaka. Ukiipitisha kwenye ukoka wa mbele ya nyumba, hata ukiwa na mkono wa daktari, itaacha mawimbi. Unahitaji mashine ya kusukuma, ya upana wa inchi 21, yaani sentimita 53, yenye kisu cha kuzunguka na bodi ya chuma au alumini, si plastiki. Mimi napenda zenye injini ya Honda GXV160 kwa sababu moja tu: fundi yeyote wa jenereta anaielewa na spea zake hazikufanyi ufunge safari. Ni injini ya mipigo minne, inatumia petroli tupu na ina oili yake chini kama gari. Siku ukitaka kusafisha kisu, chomoa waya wa plagi kwanza, kisha ilaze upande ambao chujio la hewa linaangalia juu. Ukiilaza kinyume, oili inaingia kwenye chujio na kabureta, na asubuhi utavuta kamba mpaka bega lichomoke.

Tuje kwenye shule. Ekari mbili ni mita za mraba 8,000 na kidogo. Mashine ya inchi 21, ukitoa ule upana unaorudia juu ya mstari uliopita, inakata nusu mita. Maana yake msukumaji anatembea kilomita 16 kumaliza uwanja mzima, karibu sawa na kutoka Boko kwa miguu hadi Mwenge. Kwa mwendo wa kazi, pamoja na kugeuza, kujaza mafuta na kunywa maji, ni siku nzima ya vijana wawili wanaopokezana, mwingine akiwa na mashine ya begani pembeni. Inawezekana kwa mashine moja. Usidanganyike kununua ya kukalia kwa ajili ya siku mbili kwa mwezi. Ila mwambie mwalimu mkuu mapema kwamba kabla ya kukata watoto wapite uwanjani waokote mawe na vifuniko vya chupa. Jiwe linalorushwa na uzi wa mashine ya begani halichagui dirisha la darasa wala la gari la mkurugenzi, na bima ya gari lako haihusiki na kioo kilichovunjwa na mashine ya nyasi. Tengeneza wavu wa mita mbili kwenye miti miwili, kijana mmoja ausogeze nao kila mnapokata karibu na magari. Miwani na buti ngumu sizihesabu kama vifaa, hizo ni nguo za kazi.

Mashine ya begani nunua ya pili, iwe akiba. Siku nne ulizokaa bila kazi kwa mrija uliopinda zinatosha kukufundisha. Kama ile ya kwanza ni ya mipigo miwili, inayochanganywa oili, basi ama ya pili iwe vilevile, ama uweke alama ambazo hata kipofu atazijua. Kijana wangu mmoja, tena mzuri wa kazi, alijaza petroli tupu kwenye mashine ya kuchanganya. Ilifanya kazi kama dakika 15, ikapiga kelele ya juu, ikanyamaza. Fundi alipoifungua, pistoni ilikuwa na mikwaruzo kama ubao wa muuza nyama. Tangu siku hiyo madumu yangu yana rangi: jekundu ni petroli tupu, la bluu ni la mchanganyiko, na kwenye la bluu nimeandika kipimo kwa rangi ya mafuta. Kwa oili nzuri ya 2T ni mililita 20 kwa lita moja, na kama maelezo ya mashine yako yanasema mililita 40, fuata mashine. Changanya ya siku mbili tatu, si ya mwezi. Petroli ikikaa wiki nyingi kwenye tangi inaacha ulimbo kwenye kabureta, na ndicho kinachoua mashine nyingi kati ya kiangazi na mvua za kwanza.

Sasa Canter. Mwaka 2009 nilinunua Canter, nami kwa mtu wangu wa karibu, nami kwa bei ya kifamilia. Mwezi wa pili tangu niinunue, pampu ya dizeli ikaanza kuleta shida. Ililala chini ya mwembe wiki tano, majani ya mwembe yakajaa kwenye bodi mpaka kuku wakataga humo. Sikuweza kumgombeza aliyeniuzia kwa sababu Idi ilikuwa karibu na tungekutana kwenye sinia moja. Hilo ndilo bei ya kifamilia isilosema. Gari la yadi likikusumbua unagombana na mtu wa yadi. Gari la shemeji likikusumbua unagombana chumbani kwako.

Tena tazama alivyokupangia malipo. Ukitanguliza milioni 6, zinabaki laki mbili. Mashine ya kusukuma utanunua kwa nini? Mafuta? Vibarua wa shule kwa siku 45 kabla hujalipwa? Utaanza kuchota kwenye milioni 3 za kikoba, na kule dhamana ni jina la mkeo mbele ya wanawake wenzake wanaoonana kila Jumamosi. Canter ya tani mbili haiwezi kuzalisha marejesho ya miezi sita kwa nyumba 14 na shule moja. Ni gari la mtu mwenye nyumba 40, au anayebeba matofali siku zisizo za bustani, na kama utaishia kubeba matofali, sema mapema tukuandikie ushauri mwingine. Mwambie shemeji hivi: "Kaka, gari ni zuri lakini kazi yangu bado ni ndogo kwake, sitaki liozee kwangu." Ni kweli, na halimvunjii heshima. Pesa za kikoba mwambie mkeo asizichukue.

Kirikuu ndilo gari lako, lakini si leo na si kwa milioni 9.5 ambazo huna. Tumeona majani yakipungua kwa ratiba mpya. Yatakayobaki ni ya shule, ya mikato ya kwanza ya wateja wapya, na matawi. Kirikuu ilitengenezwa Japani kwa injini ya cc 660 na kubeba kilo 350. Kijiweni watakuambia inabeba tani. Inabeba, na springi zake zinajua. Kwa kilo 350 unapata viroba 12 vya majani mabichi, ukiwa tayari umeshusha mashine. Kwa kazi iliyopangwa vizuri inatosha.

Kwa hiyo kodi gari kwanza. Pale kijiweni Tegeta tafuta dereva wa Kirikuu mwenye gari lake mwenyewe, si deiwaka, mpatane siku mbili maalumu kwa wiki kwa miezi minne. Siku hizo panga kazi zote zinazohitaji mzigo. Andikianeni ukurasa mmoja wenye saini mbili na namba ya gari, na karatasi hiyo ndiyo umpelekee mhasibu wa shule. Nina hakika anachoogopa ni viroba kubaki uwanjani watoto wakirukaruka juu yake. Muulize tu: "Nikiondoa majani siku ileile, kuna tatizo?"

Katika ile milioni 6.2, tenga milioni 2.5 kwa mashine nzuri ya kusukuma, laki tisa kwa mashine ya akiba, laki nne kwa fremu nitakayokueleza. Inabaki milioni 2.4 ya mafuta, vibarua na kukodi, na hiyo ndiyo itakayokuvusha siku 45 za shule bila kukopa. Ankara ipeleke siku ileile unayomaliza mkato wa pili, mkononi, wakugongee muhuri wa kupokea kwenye nakala yako. Siku 45 huanza kuhesabiwa kwenye muhuri, si kwenye kichwa chako.

Kuhusu fremu, hapa nitakaa kidogo maana ndiyo sehemu niipendayo. Bodi ya Kirikuu ina urefu wa karibu mita 1.9 na upana wa mita 1.4, na ubavu wake haufiki hata goti. Nenda kwa fundi wa kuchomelea, akutengenezee kizimba cha bomba la mraba na wavu, kinachoingia ndani ya bodi na kubanwa kwa boliti nne, kiweze kutoka. Leo kinakaa kwenye gari la kukodi, kesho kwenye lako. Urefu wake usizidi mita moja kutoka sakafuni. Ukiongeza, siku ya majani ya mvua utajaza mpaka juu kwa sababu nafasi ipo, na springi zitakatika kwenye mlima wa kwanza.

Nyuma ya kabini, upana wote wa gari, weka sanduku la bati lenye kufuli la ndani, lile ambalo mkasi wa chuma haulifikii. Humo zikae nyuzi, plagi, funguo, tupa ya kunolea, miwani. Petroli isikae humo. Madumu yasimame nje ya sanduku, kwenye kona ya nyuma, kila moja kwenye kiota chake cha chuma na mkanda juu, penye hewa. Siku ya kujaza, shusha dumu chini kwenye ardhi, usijazie juu ya bodi, na usijaze mashine inayofuka moshi.

Mashine za begani zilale upande wa kulia, moja juu ya nyingine, kwenye ndoano mbili mbili zilizofungwa mpira wa tairi la ndani ili mrija usigongwe. Ndoano ya mbele iwe na tundu la kufuli. Foleni ya Mwenge ina vijana wenye mikono mirefu kuliko subira yako. Mkono wa kushoto simamisha reki, mafagio ya chelewa na fyekeo ndani ya bomba la maji taka la inchi nne lililokatwa. Bomba moja linameza mipini sita. Mashine ya kusukuma ndiyo ya mwisho kupakiwa na ya kwanza kushuka, kwa hiyo ikae mlangoni, imefungwa mikanda miwili kwa msalaba. Kilo zake 35 au 40 vijana wawili wanaweza kuzinyanyua, lakini zidishe mara sita kwa siku. Ubao wa mita mbili, wenye vipande vya mbao vilivyopigiliwa ili magurudumu yasiteleze, utakuokolea viuno. Katikati kote acha wazi. Hapo ndipo majani yanakaa, na turubai juu yake, kwa sababu majani yanayopeperuka Barabara ya Bagamoyo ni tangazo baya na ni faini.

Halafu yaende wapi? Dampo la Pugu Kinyamwezi usilifikirie, mafuta ya safari ile yanakula kazi ya siku. Kwako Boko wafugaji wapo. Waulize. Mwenye ng'ombe wanne anapokea majani mabichi kila siku kiangazi, wengine watakufuata wenyewe. Sharti moja: bustani iliyopigwa dawa ya magugu au ya wadudu, majani yake hayaendi kwa mfugaji, hata akibembeleza. Kuna pia mradi wa mboji wa Manispaa ya Kinondoni kule Mabwepande, uliojengwa kwa ushirikiano na jiji la Hamburg la Ujerumani, si mbali nawe. Nenda ofisini kwao uulize masharti ya kupokea. Na kama una kipande cha uwanja, rundika mwenyewe, geuza kila wiki, na baada ya miezi michache wauzie wateja walewale mboji ya majani yao. Nimefanya, na hakuna aliyenuna.

Njia yako ya wiki ipange kwa mtaa. Mbezi Beach siku mbili, Tegeta na Boko siku moja, shule siku yake, Mikocheni siku moja ukitoka saa 11 alfajiri kabla foleni haijaamka. Kigamboni achana nayo. Mkabidhi mteja huyo kwa mkata ukoka wa huko unayemwamini, umpe na namba yake, umalizane naye vizuri.

Andika kila kitu kwenye daftari: siku, nyumba, saa ulizotumia, viroba vilivyotoka, lita za mafuta, ulichomlipa mwenye Kirikuu. Vuli inaanza Oktoba. Ikifika Februari utaangalia safu ya Kirikuu. Kama unamkodi siku nne kwa wiki na si mbili, nunua lako kabla masika hayajafungua Machi. Ukiwa yadi, simama nyuma ya gari hatua tano uone kama limekaa sawa. Lililobeba kokoto miaka mingi linainama upande mmoja kama mzee mwenye nyonga. Inua zulia la kabini utafute kutu. Uliza aina ya injini: kwa Suzuki, K6A ina mnyororo wa taimingi ndani, F6A ina mkanda, na kama ni ya mkanda uliza ulibadilishwa lini, muuzaji akicheka, badilisha wewe siku ya kwanza. Kagua madeni ya faini za barabarani kwa namba ya gari kabla ya kutoa pesa, uone kadi halisi na si nakala, na uhamisho wa umiliki ufanyike TRA wiki hiyohiyo. Bima ndogo hailipi gari lako likiungua au likiibiwa, na hilo gari litakuwa limebeba petroli kila siku. Fikiria bima kubwa angalau mwaka wa kwanza.

Kuhusu jina ubavuni: mkeo yuko sahihi, ila msiandike kwenye gari la mtu. Andikeni kwenye bati mbili za kufunga kwenye kizimba, kulia na kushoto, ziwe zinatoka. Jina lisajilini kwanza BRELA, wakala wa usajili wa biashara, ni kazi ya mtandaoni, msije mkapaka rangi jina la mwenzenu. Msichore maua wala picha ya mashine. Jina liwe dogo, namba ya simu iwe kubwa kama kiganja, nyeusi juu ya njano, kwa sababu atakayeisoma amekaa kwenye foleni ya Lugalo, simu iko mkononi, na ukoka wake nyumbani umefika magotini.